Kucheza Boktai kwa Jua la Unguja na Pemba

Boktai: The Sun Is in Your Hand ni gemu ya Game Boy Advance, mashine ya mkononi ya Nintendo, iliyotolewa na Konami mwaka 2003, mtayarishaji wake akiwa Hideo Kojima. Mchezaji humwongoza Django, kijana anayewinda wafu na wanyonya damu katika mji wa Istrakan kwa bunduki inayotumia mwanga wa jua, iitwayo Gun del Sol. Jua hilo si picha ya kwenye skrini tu. Ndani ya kaseti mna kihisi kinachopima mwanga wa pale ulipokaa, na bunduki hupata chaji kwa kadiri ya kile kihisi kinachokiona. Ukijifungia chumbani, Django naye yuko gizani. Ukitoka uani, naye jua limemtokea.

Mchezaji wa nchi za baridi huhangaika kulipata hilo jua. Kwetu lipo tele, na shida yetu ni nyengine kabisa: tunakaa juani kupita kiasi, bunduki inapata moto, mtu anachoka, halafu anasema gemu mbovu. Boktai ukiwa Zanzibar inataka ujue kukaa na kivuli kuliko ujue kutafuta jua. Ukishalishika hilo, mengine yote yanakuja kwa urahisi.

Kagua kaseti kabla ya kutoa pesa

Kaseti ya kweli ya Boktai si ya kawaida kwa umbo. Ni ndefu kuliko kaseti nyengine za Game Boy Advance, kwa sababu sehemu yenye kihisi huchomoza nje ya mashine. Ukiuziwa iliyo sawasawa na kaseti nyengine zote, hiyo ni ya kugushi na haina kihisi. Itawaka, hadithi itaanza, lakini kipimo cha jua hakitapanda hata ukae katikati ya uwanja saa sita mchana.

Jaribio lake ni jepesi. Washa gemu ukiwa nje, ufike pale kipimo cha jua kinapoonekana chini ya skrini, kisha ziba kihisi kwa kidole gumba. Vipande vya kipimo vinatakiwa vishuke. Ondoa kidole, vitapanda tena. Visiposhuka wala kupanda, irudishe kwa mwenyewe.

Kuhusu mashine, Game Boy Advance ya mwanzo, Game Boy Advance SP (SP), Nintendo DS na DS Lite zote zinafaa, na kaseti ya nchi yoyote inakubali katika mashine ya nchi yoyote. DSi na 3DS hazina tundu la kaseti hizi. Kama una hiari, chukua Game Boy Advance ile ya mwanzo isiyo na taa. Watu huiponda kwa sababu skrini yake haionekani usiku, lakini juani ndiyo inayong'aa vizuri kuliko zote, kwani inategemea mwanga wa nje. SP yenye taa kali ya nyuma hufifia mchana kweupe, ukabaki unakunja macho.

Saa, na mtego wa saa ya Kiswahili

Mwanzo kabisa gemu inakuuliza tarehe, saa na sehemu unayoishi. Usipite haraka hapa. Kaseti ina saa yake inayoendeshwa na betri ndogo ya ndani, na kutokana na hiyo gemu huamua lini kunapambazuka na lini kunakuchwa.

Kosa la kwetu ni la hesabu. Saa tatu asubuhi ni 9:00, si 3:00. Ukiandika 3:00 gemu inaamini kuwa watu wamelala, nawe utakuwa unatembea katika usiku wa gemu huku jua la kweli linakuunguza shingo. Andika kwa hesabu ya kizungu, inayoanzia usiku wa manane, na ukimaliza linganisha na simu yako.

Kuhusu sehemu, chagua iliyo karibu na ikweta kuliko zote utakazoziona kwenye orodha. Huku jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili hivi na saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi mwaka mzima, na kuchwa ni hivyo hivyo jioni. Tofauti ya miezi ni ndogo. Ukichagua mji wa kaskazini ya mbali, ikifika Disemba gemu itaanza kuona giza wakati sisi ndiyo kwanza tunatoka kusali alasiri.

Namna ya kukaa

Kihisi kipo kwenye ile sehemu ya kaseti inayochomoza, na pahala inapochomoza panategemea mashine. Kwenye Game Boy Advance ya mwanzo kaseti huingia kwa juu, kwa hiyo kihisi kiko mbali na mwili wako. Kwenye SP na DS huingia kwa chini, upande wa tumbo. Hapo ndipo wengi wanapokwama: jua likiwa mgongoni, kivuli cha kichwa na mabega kinaanguka juu ya kihisi, kipimo kinaonyesha vipande viwili, na mtu anadhani kaseti imekufa. Shika mashine, simama, uzunguke polepole duara zima huku ukitazama kipimo. Utaona kinapanda upande mmoja na kushuka mwengine. Pale kilipo juu ndipo pa kukaa. Asubuhi na jioni jaribio hili lina maana kubwa. Adhuhuri, jua likiwa la utosi, upande haujalishi sana. Mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 9 Oktoba jua hupita juu yetu wima kabisa, na siku hizo hata SP ya kwenye mapaja hupata mwanga wote.

Kioo cha dirisha hupunguza mwanga unaofika kwenye kihisi, kwa hivyo ndani ya gari au ndani ya boti iendayo Pemba usitegemee kipimo kujaa. Panda sitaha ya wazi. Taa za nyumbani hizi za LED hazikusaidii kitu.

Mji Mkongwe una hesabu yake. Vichochoro ni vyembamba na nyumba ni ndefu, na jua halifiki chini ila kwa muda mfupi, kati ya saa sita na saa saba hivi. Baraza nyingi zimejengwa makusudi zikae kivulini. Kwa kucheza Boktai, hilo ni jambo zuri: kaa kwenye baraza iliyo mwisho wa kichochoro, penye uwazi hatua tano mbele yako. Ukitaka chaji unasogea kwenye mwanga, ukishajaza unarudi kwenye jiwe la baridi. Forodhani, upande wa ukuta wa bahari, pana mwanga mwingi na miti karibu. Kwa wanaokaa ghorofa za Michenzani, ngazi ya nje au roshani inatosha asubuhi au jioni, kulingana na upande nyumba ilipoelekea. Shamba ndiyo raha zaidi, chini ya mwembe wenye majani machache. Ila mkarafuu haufai, kivuli chake kizito mno.

Kipimo kikijaa si wakati wa kufurahi

Hapa ndipo gemu ilipojificha ujanja wake. Kipimo cha jua kina vipande vinane. Kadiri vinavyozidi, bunduki inajaa kwa kasi zaidi. Lakini ukikaa kwenye mwanga mkali kwa muda mrefu, Gun del Sol hupata moto kupita kiasi na hukataa kufanya kazi mpaka ipoe. Waliotengeneza gemu hawakutaka watoto wakae juani mchana kutwa, wakaweka breki.

Kwa mchezaji wa London breki hiyo ni kitu cha kukisikia tu. Kwetu, miezi ya kaskazi, Disemba hadi Februari, unaweza kuigonga kila siku. Dawa ni kucheza kwa vipindi. Toka juani, mfanye Django ainue bunduki yake mpaka chaji ijae, kisha rudi kivulini na uendelee na safari kwa chaji uliyonayo. Usikae juani wakati unatembea, unasoma maneno ya Otenko au unapanga vitu kwenye mfuko. Otenko ni yule mwenzako aliyefanana na ua la alizeti. Anaongea sana, msikilize ukiwa kivulini.

Ikiwa bunduki imeshapata moto, usizime mashine. Ziba kihisi kwa kiganja au geuka upande wa kivuli, subiri, uendelee. Kiganja chako ni pazia: ukiziba nusu, unapunguza jua la gemu kwa kiasi unachotaka wewe. Jizoeze kukitumia hivyo, utaona tofauti.

Saa nzuri ya kucheza kwetu ni kuanzia saa mbili na nusu mpaka saa nne asubuhi, na tena kuanzia saa tisa na nusu mpaka kumi na moja jioni. Mwanga unatosha, na wewe hudhuriki. Ramadhani kaa na kile kipindi cha asubuhi tu. Kukaa juani alasiri na kiu ni kujitesa bure.

Kutembea ndani ya mapango

Ndani ya majengo ya Istrakan bunduki haichajiki kila mahali. Kuna matundu kwenye dari yanayopitisha mwanga, na ukisimama chini ya tundu hilo ndipo jua lako la kweli linapomfikia Django. Kwa hiyo kabla ya kufungua mlango wowote kumbuka tundu la mwisho ulilolipita liko wapi. Ukiishiwa na chaji mbali nalo, huna silaha.

Kujificha ni nusu ya gemu, na anayeingia kila chumba akifyatua risasi huishiwa haraka. Wale wafu wanaozurura, Bok, wanaona kwa mbele na wanasikia. Alama ya kuuliza juu ya kichwa maana yake ameshuku. Alama ya mshangao, amekuona. Jibane ukutani, gonga ukuta, muache aje kuangalia sauti imetoka wapi, nawe pitia upande wa pili. Usigonge ukiwa umejibana kwenye kona isiyo na njia ya kutokea.

Bunduki yenyewe ni ya kuunganisha. Ina lenzi, inayoamua aina ya nguvu. Fremu, inayoamua risasi inatoka kwa umbo gani. Na betri, inayoamua unabeba chaji kiasi gani. Lenzi hupanda daraja kadiri unavyoitumia, kwa hiyo usibadilishe ovyo mwanzoni. Moto na barafu ni maadui, wingu na ardhi ni maadui: adui wa barafu mpige kwa moto, naye wa moto mpige kwa barafu. Dhidi ya wafu wa kawaida lenzi ya jua inatosha muda mrefu. Kwenye fremu, angalia matumizi ya chaji kabla ya kuangalia nguvu. Fremu kali inayomaliza betri kwa mapigo machache haikufai ndani ya jengo lenye tundu moja tu la mwanga.

Matunda unayookota huoza siku zikipita, kwa sababu saa ya kaseti inaendelea hata mashine ikiwa imezimwa. Earthly Nut ya kurudisha uhai na Solar Nut ya kurudisha chaji zile ukiwa na haja nazo, usiziweke kama akiba ya harusi.

Jeneza

Ukimshinda mkubwa wa jengo, yaani mnyonya damu anayelitawala, kwa mfano yule Count of Groundsoaking Blood, hujamaliza. Amefungwa ndani ya jeneza tu. Inakubidi ulifunge mnyororo, ulikokote mpaka nje, ulifikishe kwenye mtambo uitwao Pile Driver, na hapo jua limsafishe. Aliyemo hatulii. Hutikisa jeneza, hulivuta kurudi alikotoka, na wewe unakwenda pole pole huku maadui wapo.

Makosa ya hapa karibu yote hufanywa kabla ya pambano. Fanya hivi: ukifika mlango wa mkubwa, usiingie. Rudi nyuma, pita njia yote mpaka mlango wa nje, ua waliobaki njiani, fungua vilivyofungwa, na uhesabu matundu ya mwanga utakayoyapita. Kisha toka nje ya nyumba yako mwenyewe utazame mbingu. Pile Driver haiendi bila jua la kweli. Ukimshinda mkubwa saa moja usiku, utalikokota jeneza mpaka mlangoni halafu ukae na kusubiri mapambazuko.

Mpango unaofaa ni huu. Jioni na usiku chunguza jengo kwa kujificha, fungua milango, uhifadhi mchezo. Asubuhi ya pili anza pambano kama saa mbili na nusu, ukiwa na betri iliyojaa. Ukimaliza kulikokota, jua limepanda vya kutosha na bado halijawa kali.

Ukilikokota, usiliache jeneza mbali ukaenda kufukuzana na Bok. Lisogeze mpaka mahali papana, liache karibu, malizana naye, rudi upesi. Likitikisika sana, simama nalo mpaka litulie.

Kwenye Pile Driver, mitambo midogo inayozunguka jeneza hukusanya jua na kulielekeza katikati. Roho ya mkubwa hutoka ikipigana na kujaribu kuzuia mwanga, na kazi yako ni kuilinda ile mitambo na kuipa nguvu kwa bunduki kila inapofifia. Mambo mawili huharibu hapa. La kwanza ni wingu. Wingu likipita juu ya Unguja katikati ya kazi, nguvu hushuka na mkubwa hupata nafasi. Wakati huo acha kushambulia, kwepa tu, tunza chaji mpaka wingu lipite. La pili ni joto tulilolisema: mtu hujisahau kwa hamasa, anasimama juani tangu alipoanza kukokota, bunduki inakataa kazi pale inapohitajika zaidi. Kokota ukiwa kivulini. Ingia juani pale jeneza linapokaa kwenye mtambo, si kabla.

Masika na usiku

Masika, kati ya Machi na Mei, kuna siku mawingu hayafunguki asubuhi hadi jioni. Wingu jepesi bado hupitisha mwanga na kipimo hupanda kidogo. La mvua nzito halipitishi kitu cha maana. Siku hizo tumia Solar Station zilizomo ndani ya majengo, zinazokupa nishati uliyojiwekea akiba siku za jua. Kwa hiyo wiki za jua ziwe za kuweka, zisiwe za kutumia tu. Usiku nao ucheze kwa kuchunguza na kujificha. Gemu haikuzuii, inakunyima silaha tu.

Kwenye kompyuta, programu ya mGBA, inayoiga Game Boy Advance, inaweza kuiga kihisi pia na kukuacha upange mwanga mwenyewe. Inafaa kwa kujifunza njia za jengo au kama mguu hauruhusu kutoka nje. Lakini ukiweka jua juu kabisa muda wote umeondoa kile kinachoifanya Boktai iwe Boktai. Basi angalau panga mwanga ulingane na dirisha lako.

Chumvi, mchanga na jua lenyewe

Mashine isiachwe juu ya saruji au kwenye dashibodi. Skrini hugeuka nyeusi kwa joto, na betri huharibika. Ikigeuka nyeusi, izime, iweke kivulini ipoe yenyewe. Usiitie kwenye friji, maana ikitoka humo itajaa unyevu ndani.

Upepo wa bahari huweka chumvi kwenye meno ya shaba ya kaseti, na dalili yake ni mashine kuwaka bila kuonyesha kitu, au gemu kukwama. Usipulize kwa mdomo, mate huongeza kutu. Chukua kijiti cha pamba cha masikio, kichovye kidogo katika spiriti ya duka la dawa, sugua meno ya kaseti kwa kwenda upande mmoja, acha dakika kumi ikauke, ndiyo uirudishe. Sehemu ya kihisi ifute kwa kitambaa laini kikavu; ikiingia mikwaruzo, mwanga unaopita hupungua na kipimo chako hakitajaa tena. Ukicheza Jambiani au Nungwi kwenye mchanga, ivishe kaseti mfuko mdogo wa plastiki angavu ukiwa hauchezi.

Saa ya gemu ikianza kurudi nyuma au kusimama kila unapozima, betri ya ndani imekwisha. Imechomelewa ndani, kwa hiyo mpelekee fundi wa simu mwenye mkono mwepesi, na umwambie asiguse kihisi kwa joto.

Ukimaliza hii, Boktai 2: Solar Boy Django ya mwaka 2004 ina kihisi vile vile, na humo Django ana panga na silaha nyengine za mkononi pamoja na kupanda daraja. Ya tatu ilitoka Japani peke yake mwaka 2005, na maneno yake ni ya Kijapani. Kipimo chake hakihitaji kusoma.